Mizani za bei nafuu zinatosha kupimia ndege uliyoiunda mwenyewe

Ndege yangu ya viti viwili, yenye gurudumu la mkia, niliipima kwa mizani za kidijitali zile watu wanazopandia bafuni asubuhi. Siku ya kwanza nilipata kilo 316, siku ya pili 305, na sikuwa nimegusa hata skrubu moja. Nikazilaumu mizani bure. Kumbe niliposhusha ndege kutoka kwenye jeki, miguu yake ilijaribu kutanuka, tairi zikawa zinazisukuma mizani kwa ubavu. Dawa yake ni rahisi: chini ya kila tairi kubwa weka vipande viwili vya bati vilivyopakwa grisi katikati, achia breki, kisha itikise ndege kidogo ijikalie. Bati na kabari zipime pembeni, uzito wake uutoe.

Kabla ya hapo, jaribu kila mizani kwa mzigo unaokaribia ule itakaoubeba. Maji ni rafiki wa fundi, maana lita 20 ni kilo 20, ukiongeza uzito wa dumu. Ziweke kwenye sakafu ngumu. Kuna mizani zinazogandisha namba ya kwanza na kuing'ang'ania, hizo usinunue. Gurudumu likikaribia kikomo cha mizani, laza ubao mgumu juu ya mizani mbili, ujumlishe namba, uondoe uzito wa ubao.

Sasa mkia, na hapa ndipo wageni wengi huteleza. Magurudumu makubwa yalibeba kilo 142 na 145, mkia 18. Nilianza kupima umbali kwenye ukingo wa mbele wa bawa: magurudumu makubwa yako sentimita 5 nyuma yake, mkia sentimita 420. Zidisha kila uzito kwa umbali wake, jumlisha, gawa kwa 305: kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo ndege ingesimama sawa bila kuinamia mbele wala nyuma, kinaangukia sentimita 29.5. Kosea kilo moja kwenye gurudumu kubwa, kitovu hakisogei hata milimita moja kamili. Kosea kilo hiyohiyo mkiani, kinaruka karibu milimita 13. Na mizani za bafuni nyingi huyumba kwenye mzigo mdogo! Kwa hiyo mizani yako bora ipeleke mkiani. Mimi niliuning'iniza mkia kwenye mizani ya ndoano, kamba ikiwa wima kabisa, nikapima umbali hadi pale kamba ilipofungwa.

Mkia lazima uinuliwe mpaka ndege ilale sawa kama inavyoruka. Weka pimamaji pale mchoro unapoelekeza, si popote panapoonekana pamenyooka. Umbali upate kwa timazi: dondosha uzi, weka alama sakafuni, kisha pima kati ya alama. Rudia kila unapoinua upya, kwa sababu magurudumu husogea.

Milango ya banda ifunge. Upepo usiousikia shingoni, bawa linausikia.

Oili ijae, tangi libaki na mafuta yale tu yasiyoweza kufika kwenye injini, vifaa vyako vitoke kwenye viti. (Mimi nilisahau bisibisi na tochi chini ya kiti, gramu 900.) Pima mara tatu, ukishusha na kupandisha upya kila mara, huku ukibadilishana mizani za kushoto na kulia. Namba zikitofautiana kwa zaidi ya kilo moja, usichukue wastani. Tafuta kinachozisumbua.