Mizani peke yake haitoshi

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Picha imefika. Unaniuliza kama hiyo sarafu ya shaba waliyoifukua mafundi walipokuwa wakichimba msingi hapo Bububu ni ya Sayyid Barghash, sultani wa Unguja wa zamani, kwa kuwa ina picha ya mizani, na kama uisugue kwa ndimu na majivu ing'are.

Ndimu usiitie kabisa, wala siki. Shaba iliyolala ardhini huvaa ganda la kijani, na kwa sarafu iliyosagika hivyo herufi chache zilizosalia huwa zimo kwenye ganda lenyewe. Ndimu huvila vyote viwili. Iloweke kwenye maji safi ya chupa usiku kucha, uipanguse udongo kwa mswaki laini, kisha uiache ikauke yenyewe kivulini.

Ama mizani, hapo usiwe na haraka. Umenipigia picha upande mmoja tu, na pwani yetu imepitiwa na sarafu za shaba zenye mizani zaidi ya moja. Kampuni ya Kiingereza ya Uhindi ya Mashariki ilitoa zake kwa ajili ya Bombay, pamoja na za mwaka 1804, na kati ya vitanga viwili vya mizani wameandika "adl", yaani haki, kwa Kiarabu. Hilo ndilo linalowaponza watu: wakiona Kiarabu na mizani husema Barghash. Tena ipo ya Mombasa ya mwaka 1888, ya kampuni nyingine ya Waingereza. Hizo za Uhindi si ajabu kuzikuta Unguja, kwani kabla ya Barghash kutoa pesa zake za shaba, chenji ya sokoni ilitoka huko, na fedha kubwa ilikuwa riale ya Maria Theresa, ile iliyoandikwa 1780 hata ikiwa imepigwa miaka mia baadaye.

Kwa hiyo igeuze. Ukiona ngao na simba wawili wamesimama ubavuni, ni ya Bombay. Ukiona jua lenye taji, ni ya Mombasa. Ukikuta Kiarabu kitupu, mstari juu ya mstari, hapo ndipo moyo wangu utakapodunda, maana ni jina la Barghash hilo.

Macho yakishindwa, zima taa, ulaze tochi ya simu karibu na meza mwanga uipitie sarafu kwa ubavu, na uizungushe pole pole. Mstari usioonekana mchana hutoa kivuli. Kisha funika karatasi nyembamba juu yake na uipake penseli laini, risasi yake ukiilaza ubavu, bila kukandamiza.

Tafuta mwaka. Pesa za Barghash ni za 1299 Hijria, yaani 1882, na za 1304. Wewe umesoma chuoni, tarakimu za Kiarabu unazijua: kwenye 1299 tisa mbili zinakaa bega kwa bega, na mikia yao huchelewa kufutika. Kwenye 1304 sifuri ni nukta tu, nayo hufutika mapema, basi ukiona moja, tatu, pengo, nne, usidhani imekatika.

Za 1299 ni nyingi, haitakutajirisha. Lakini mikono iliyoisaga hivyo ilinunulia dagaa na muhogo hapo hapo Unguja, na mimi naithamini kwa hilo.

Waulize mafundi ilitoka kina gani na ilikuwa pamoja na nini, vigae au shanga, kabla hawajasahau. Uniandikie, na unitumie upande wa pili pamoja na ile karatasi ya penseli. Mama'ko anakusalimu.

Baba'ko,
Wete