Kumsindikiza Jirani Kuuzunguka Mlima Arunachala

SWALI: Mhariri mpendwa, jirani yangu hapa Pangani ni mama wa Kihindu mwenye asili ya Kitamil, na tumelea watoto pamoja kwa zaidi ya miaka 20. Tangu afiwe na mumewe amekuwa akitamani kwenda India kuuzunguka mlima uitwao Arunachala usiku wa mwezi mpevu, na kwa kuwa wanawe wako mbali, ameniomba mimi nimsindikize. Ana miaka 64 na magoti yanamsumbua. Kwa nini watu huuzunguka mlima huo badala ya kuupanda? Je, mwendo huo atauweza? Na mimi niliye Mkristo, nikitembea naye nitakuwa nimeikana imani yangu?
Msomaji, Pangani

JIBU: Dada yangu, nianze na mlima wenyewe, kwa sababu ukishauelewa utaona kwamba swali lako la kwanza limejijibu. Arunachala uko katika mji wa Tiruvannamalai, jimbo la Tamil Nadu, kiasi cha kilomita 190 kutoka Chennai. Kwa kimo hautishi: kilele chake hakifiki hata mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ilhali sisi wa Nairobi tunalala juu zaidi ya hapo kila siku. Utukufu wake umo katika kisa. Wahindu husimulia kwamba miungu wao wawili, Brahma na Vishnu, walipobishana juu ya nani aliye mkuu, mungu wa tatu, Shiva, aliwatokea akiwa nguzo ya moto isiyo na chanzo wala kikomo. Vishnu akajigeuza nguruwe mwitu akachimba ardhi kuitafuta chini yake, Brahma akajigeuza ndege akaruka kuitafuta ncha yake, na wote wawili wakashindwa. Moto huo, kwa imani yao, ndio uliopoa ukawa mlima huu. Wazee wa Kikuyu waliomba wakiuelekea Kirinyaga kwa kuwa ni makao ya Ngai. Jirani yako anaamini kwamba mlima wenyewe ndio Shiva. Basi ni nani angependa kumkanyaga Mola wake kichwani? Kileleni, wakati wa sikukuu ya Karthigai Deepam, kati ya Novemba na Desemba, huwashwa moto mkubwa wa samli unaoonekana kutoka mbali.

Mzunguko huo huitwa girivalam, neno la Kitamil lenye maana ya kuuzunguka mlima ukiwa mkono wa kuume. Ndugu zetu Waislamu wanapotufu, Kaaba huwa kushotoni mwao. Hapa mlima haupaswi kuuacha mkono wako wa kulia tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho. Njia ni barabara ya takriban kilomita 14, na watu wengi huanzia kwenye hekalu la Arunachaleswarar, upande wa mashariki wa mlima, ambalo mnara wa lango lake kuu una urefu wa mita 66 hivi na ulijengwa enzi za mfalme Krishnadevaraya, karne ya 16. Njiani kuna vihekalu vinane, kimoja kwa kila upande wa dira, na katika kila kimoja mahujaji husimama, huwasha kafuri na kujipaka jivu takatifu katika paji la uso.

Mwendo hufanywa pekupeku, na hili ndilo linalonifanya nikusihi uchague majira kwa makini. Aprili na Mei joto la Tamil Nadu ni kali mno, na lami iliyochomwa na jua mchana kutwa hubaki na moto hadi usiku; tena mwezi mpevu wa majira hayo, uitwao Chitra Pournami, huvuta umati mkubwa kuliko kawaida. Januari au Februari ni afadhali. Fahamu pia kwamba kwa hesabu ya Kihindu siku ya mwezi mpevu ina saa yake ya kuanza na ya kwisha, ambayo kalenda zao huionyesha, na si lazima ioane na usiku mmoja tu.

Kuhusu magoti, nitasema yaliyonifika. Nilipotembea njia hiyo nilikwenda kwa kasi, kana kwamba niko kwenye vilima vya Ngong na rafiki zangu, na kabla ya nusu ya njia nyayo zilikuwa zimevimba, huku bibi vizee wakinipita polepole wakiimba jina la Shiva. Baadaye ndipo nilipojua kwamba Ramana Maharshi, mtawa aliyefika mlimani hapo mwaka 1896 akiwa kijana wa miaka 16 na asiondoke hadi alipofariki mwaka 1950, alifundisha watu watembee kama malkia mwenye mimba ya miezi tisa. Mwacheni jirani yako atembee hivyo. Mkitenga saa sita au saba badala ya nne, mkae kila penye kihekalu, na awe amezoea kutembea kidogo kila jioni kwa miezi miwili kabla, baada ya kumwona daktari, naamini atafika. Hata hivyo, usiku wa mwezi mpevu magari huzuiwa kwenye sehemu kubwa ya njia, kwa hiyo akichoka katikati si rahisi kupata usafiri. Kama daktari atasita, nendeni usiku mwingine wowote. Barabara haifungwi, na mahujaji wapo kila siku.

Zaidi ya viza, kila mmoja wenu atahitaji cheti cha chanjo ya homa ya manjano, iliyochomwa angalau siku 10 kabla ya kuwasili.

Sasa swali lililokuhangaisha. Barabara ni ya kila mtu, na hakuna atakayekuuliza dini yako. Ndani ya hekalu mambo ni tofauti, kwa kuwa baadhi ya mahekalu ya Tamil Nadu huwawekea wasio Wahindu mpaka. Ulizia mlangoni, na ukiambiwa ungoje nje, ngoja bila kinyongo. Sioni kwamba kumshika mkono mjane njiani ni kuikana imani yako. Kitakachokutatiza ni kujifanya, yaani kupaka jivu usiloliamini ili tu umfurahishe. Mwambie mapema, mkiwa bado Pangani, kwamba atakapowasha kafuri wewe utasimama kando ukimshikia mkoba na viatu, na umwombee kwa namna yako.