Kwa mnaoanza kusoma habari za malaika walioanguka, kabla hamjaanza kubishana

Kama ndo umeanza kusoma habari za malaika walioanguka, au umepewa hilo somo ulifundishe kwenye kikundi cha Biblia na umeshaanza kukusanya vifungu, jua hili mapema: hakuna sura hata moja kwenye Biblia inayohadithia hii stori mwanzo mpaka mwisho. Hakuna. Hii tunayoijua wote, kwamba kulikuwa na malaika mkuu mzuri anaongoza kwaya mbinguni akajiinua akashawishi theluthi ya wenzake wakapigwa vita wakatupwa chini kabla Adamu hajaumbwa, imeunganishwa na watu kwa karne nyingi, kipande Isaya, kipande Ezekieli, kipande Ufunuo. Sijasema ni uongo eti, nasema imeunganishwa, na kazi yako wewe mgeni ni kujua kila kipande kimetoka wapi, maana siku ya kufundisha lazima atatokea mtu aulize "imeandikwa wapi hiyo?" na ukianza kupekua kurasa mbele za watu jasho litakutoka.

Anza na Isaya 14 na Ezekieli 28, na usianzie mstari unaoupenda, anzia juu. Isaya 14:4 inasema wazi haya maneno ni mithali juu ya mfalme wa Babeli, halafu ndo unafika mstari wa 12 kwenye nyota ya alfajiri iliyoanguka, na mstari wa 16 watu wanamshangaa wakisema je huyu ndiye mtu yule aliyeitetemesha dunia. Mtu. Ezekieli 28 nayo ni maombolezo juu ya mfalme wa Tiro, mji wa wafanyabiashara wa baharini, ila humo humo anaambiwa alikuwa Edeni, alikuwa kerubi, alikuwa mkamilifu mpaka uovu ulipoonekana ndani yake, na hapo ndo wasomaji wa zamani wakasema hapana, huyu ni zaidi ya mfalme. Origen, mwalimu wa Aleksandria wa karne ya 3, ni mmoja wa waliozichukua hizi sura mbili akazisoma kama habari za Ibilisi, na wengi wakafuata njia hiyo. Baadaye wakaja wengine, John Calvin, yule mwanamatengenezo wa Kiprotestanti wa karne ya 16, akiwemo, wakasema Isaya 14 ni Babeli tu, msiibebeshe mzigo usio wake. Ukifundisha sema yote mawili, usimfiche mtu kwamba kuna mfalme pale. Na lile la kwaya usiliweke uzito sana, limejengwa juu ya matari na filimbi za Ezekieli 28:13, basi.

Ufunuo 12 ndo inayochanganya wageni kuliko zote. Watu wanachomoa mstari wa 4, mkia wa joka unakokota theluthi ya nyota, wanachomoa na wa 7, vita mbinguni, Mikaeli na malaika zake, wanavipeleka vyote kabla ya Mwanzo 1. Sasa soma kwa kufuata mistari yenyewe ilivyopangwa. Theluthi mstari wa 4, mtoto mwanamume anazaliwa mstari wa 5 ananyakuliwa mpaka kwa Mungu, vita inakuja mstari wa 7, joka linatupwa mstari wa 9, halafu mstari wa 10 sauti kuu inasema "ametupwa chini mshitaki wa ndugu zetu". Kama tayari kuna ndugu wa kushitakiwa, na wa 11 wanasema walimshinda kwa damu ya Mwana-kondoo, basi kuiweka hii vita kabla ya uumbaji inahitaji maelezo, haijiwekei yenyewe. Wako wanaosema Yohana anarudi nyuma kwenye anguko la kwanza, wako wanaosema ni ushindi wa msalaba, na Mashahidi wa Yehova wao wanaiweka 1914. Hata hiyo theluthi kuwa ni malaika ni tafsiri, maandishi yanasema nyota. Ni tafsiri yenye nguvu kwa kweli, maana Ayubu 38:7 inaziweka nyota za asubuhi na wana wa Mungu pamoja, lakini ukisema "Biblia inasema theluthi ya malaika waliasi" ushaongeza hatua moja bila kumwambia msikilizaji.

Halafu kuna ile njia nyingine kabisa ya kueleza anguko, ambayo wengi wanaifahamu juu juu tu, ya Mwanzo 6. Wana wa Mungu wanawaona binti za wanadamu ni wazuri wanawaoa, na Wanefili, wale mashujaa wa kale, wapo duniani. Kitabu cha Henoko, maandishi ya kale ya Kiyahudi, kinaichukua hiyo mistari minne na kuipanua: malaika 200 wanashuka juu ya mlima Hermoni, mkubwa wao Semyaza anaogopa kubeba lawama peke yake kwa hiyo wanakula kiapo wote, wanaoa, na Azazeli anawafundisha watu kufua mapanga na kutengeneza ngao na kupamba macho. Wanaozaliwa ni majitu, na majitu yakifa roho zao ndo zinabaki zinasumbua watu. Umeona tofauti? Hapo pepo wachafu sio malaika walioanguka, ni roho za watoto wao. Watu wanapita hapo mbio wanasema pepo na malaika wa Shetani ni kitu kimoja, na makanisa mengi yanafundisha hivyo kweli, lakini Agano Jipya halina mstari unaotamka hivyo moja kwa moja, la karibu ni Mathayo 12 ambapo Beelzebuli ni mkuu wa pepo na Yesu anamjibu kwa kumtaja Shetani.

Kitabu cha Henoko hakimo kwenye Biblia za makanisa mengi, Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia ndo wanakihesabu, lakini usikidharau maana Yuda mstari wa 14 na 15 ananukuu maneno yake, na vipande vyake vya Kiaramu vilipatikana kwenye mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi. Justin Martyr, mwalimu wa Kikristo wa karne ya 2, alifundisha karibu hivyo hivyo. Aliyekuja kuipindua tafsiri hii kwa kanisa la magharibi ni Augustino, askofu wa Afrika Kaskazini, kwenye kitabu cha 15 cha Mji wa Mungu anasema wana wa Mungu ni ukoo wa Sethi, sio malaika. Wanaomfuata wanapenda kuleta Mathayo 22:30 kwamba malaika hawaoi, na wa upande wa pili wanajibu kwamba pale wanatajwa malaika wa mbinguni na hawa waliondoka. Huo ubishi ni wa zamani sana, hutaumaliza kwenye kipindi kimoja, kwa hiyo usijaribu.

Kosa lao lilikuwa nini? Jibu la wengi ni kiburi, na lina msingi 1 Timotheo 3:6. Ila kuna mapokeo ya husuda pia, Hekima 2:24 kwa Wakatoliki na Waorthodoksi inasema kifo kiliingia kwa husuda ya Ibilisi. Ile stori ya kukataa kumsujudia Adamu ipo kwenye maandishi ya zamani ya Maisha ya Adamu na Hawa, na kwa Waislamu ipo kwenye Kurani, lakini kwenye Mwanzo haipo, usije ukaitaja kana kwamba ipo.

Kwenye asili yao sasa, hapa makanisa yanakubaliana kuliko unavyodhani. Ni viumbe. Waliumbwa wema, wakaharibika kwa hiari yao wenyewe, Mtaguso wa nne wa Laterano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, mwaka 1215 ulilisema hilo waziwazi kwa sababu kulikuwa na watu wanafundisha miungu miwili, mwema na mbaya wanapigana. Hili nalisisitiza kwa sababu wageni wengi wanamwongelea Shetani kana kwamba yupo kila mahali na anajua kila kitu, wakati kwenye Ayubu 1 anaulizwa umetoka wapi naye anasema alikuwa anazunguka duniani, na hagusi kitu mpaka apewe ruhusa na kuwekewa mpaka.

Swali la toba litakuja, jiandae nalo. Kwa nini mtu anasamehewa na malaika hasamehewi? Thoma wa Akwino, mwanateolojia Mkatoliki wa karne ya 13, anajibu kwamba malaika haamui kwa kubabaisha kama sisi, anaona jambo zima mara moja, kwa hiyo akichagua amechagua, hakuna kitu kipya atakachokuja kukijua kesho kimbadilishe. Waprotestanti wengi wanaenda Waebrania 2:16, Kristo hakuja kwa ajili ya malaika, wanaishia hapo. Origen alihusishwa na tumaini kwamba mwisho hata hao watarudi, na mafundisho ya namna hiyo yakaja kulaaniwa kwenye mtaguso wa Konstantinopoli mwaka 553.

Na kuna lile linalowakwamisha hata wazoefu. 2 Petro 2:4 na Yuda 6 wanasema malaika waliokosa wamefungwa gizani, sasa 1 Petro 5:8 anayezunguka-zunguka kama simba ni nani? Wa njia ya Henoko wanasema waliofungwa ni wale wa Mwanzo 6, wengine wako huru. Thoma anasema wana sehemu mbili za adhabu, kuzimu na hili anga la giza linalotuzunguka, mpaka hukumu ifike. Wengine wanasema vifungo ni lugha ya picha, popote walipo wameshahukumiwa. Mimi nikiulizwa naanzia Mathayo 8:29, pale kwenye nchi inayoitwa ya Wagerasi kwenye tafsiri nyingine na ya Wagadara kwenye nyingine, pepo wanamlilia Yesu "Je! Umekuja kututesa kabla ya muhula wetu?" Wanajua muhula upo na wanajua haujafika, na wakati wanayasema hayo wako ndani ya watu wawili makaburini, wanaomba waruhusiwe kuingia kwenye nguruwe.