Machungwa yangu yalikuwa yanaelea kama maputo

Nilipewa kitangazo cha juisi, sekunde 10 tu, machungwa matatu yanadondoka mezani, yanadunda kidogo halafu linatokea jina. Nikajisemea hii asubuhi moja tu. Nikarenda, yaani nikaitoa iwe video kamili, nikatuma, mteja akanijibu kwa voisi huku anacheka: "kaka, mbona machungwa yako yanaelea kama maputo?"

Kosa lilikuwa kitufe cha F9. Sisi wa After Effects, programu ya kuchezesha picha, tuna ugonjwa wa kubonyeza F9, yaani Easy Ease, inayofanya kitu kianze na kusimama taratibu, tunaiweka kila mahali, kila kitu kilainike. Sasa kitu kinachodondoka hakilainiki chini, kinaanza taratibu huko juu na kinazidi kukimbia mpaka kinaibamiza meza. Kikifunga breki kabla hakijagusa, hata mtu aliyepata sifuri ya fizikia anaona kuna uongo hapo.

Ikabidi nirudi kwenye zile 9.8 za fizikia ya sekondari, jinsi mvutano wa dunia unavyoongeza kasi. Kitu kikianguka mita 2 kinatumia kama sekunde 0.64, na mimi nafanyia fremu 25 kwa sekunde, yaani picha 25, kwa hiyo ni fremu 16. Kwenye skrini hizo mita 2 zilikuwa pikseli 800. Basi fremu ya 4 chungwa liwe limeshuka 50, ya 8 liwe 200, ya 12 liwe 450, ya 16 ndo 800. Yaani hatua zake ni 50, 150, 250, 350, ukizirahisisha ni 1, 3, 5, 7, kitu ambacho Galileo alishakiandika tangu 1638.

Halafu tenganisha X (kwenda pembeni) na Y (juu na chini), raiti kliki kwenye Position uchague Separate Dimensions. X iache inyooke tu, mvutano ni kazi ya Y. Na usishtuke, grafu ya Y humo ndani iko kichwa chini, chungwa likishuka mstari unapanda, mimi ilinichanganya kama siku nzima hivi. We angalia tu pale chungwa lilipo juu kabisa hewani mstari ujipinde vizuri, na pale linapogusa meza uwe na ncha kali. Ncha ikilainika tu, puto limerudi.

Kwenye kudunda ndo wengi tunachemka, tunapunguza kimo tunasahau muda. Mdundo wa mita 1 ni fremu 11 kupanda na 11 kushuka, wa nusu mita ni 8 na 8. Chungwa la kweli halidundi hivyo wala nini, ila tangazo ni tangazo. Libonyee kidogo likigusa meza, fremu moja au mbili, zaidi ya hapo linakuwa jeli.

Kama una machungwa 200 yanagongana usijitese kwa mkono, nenda Blender, programu ya 3D, ni ya bure, yape Rigid Body, yaani yawe vitu vigumu vinavyogongana, uiachie ipige hesabu. Matatu lakini mkono unatosha, tena unaweza kuchakachua: la mwisho nililichelewesha fremu 3 ili lisitue pamoja na wenzake, na mteja hilo ndo alilolisifia.