Pasta wetu amechoka, anaumwa ao ameanguka?

SWALI: Aksanti mama psikologu. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Kadutu, Bukavu. Pasta wetu tangu miezi minne amebadirika kabisa. Mama pasta anasema anaamka saa tisa ya usiku halali tena, suruali sasa anafunga na kamba juu amekonda, anasahau majina ya washirika aliobatiza yeye mwenyewe, hata mjukuu wake akikuja hamwangalii. Siku hizi ananunua Valium ku farmasi ili alale. Kwenye kamati alilia akasema "sistahili tena kusimama madhabahuni", na wengine wamechukua kwamba ameungama uzinzi. Tena kuna dola 300 za mabati hazionekani kwenye daftari. Kamati imegawanyika, wengine wanataka nidhamu, wengine wanataka tumfungishe siku tatu kavu na maombi ya kufunguliwa. Je, hii ni banauti (kuchoshwa na kazi kupita kiasi), depresio (ugonjwa wa huzuni), ao ni anguko? Tuanzie wapi, na washirika tuwaambie nini?

JIBU: Mzee wangu, aksanti kwa kuandika, na zaidi aksanti juu umeleta alama zenyewe unazoziona, si maneno ya njiani.

Nianze na ile sentensi ya "sistahili" manake njo inanitia wasiwasi kuliko yote. Kamati imeisikia kama ungamo. Mimi nikiisoma pamoja na saa tisa ya usiku, na kamba ya suruali, na majina yaliyosahaulika, naona kitu kingine: kujihukumu kupita kiasi ni moja ya alama za depresio, sawa vile homa ilivyo alama ya malaria. Mtu akiwa na depresio anajilaumu juu ya mtoto aliyemwombea hospitalini akafa, juu ya deplase (aliyekimbia vita) aliyerudi bila unga, juu ya kosa la ujana ambalo lilishasamehewa zamani, na pasta hana lugha ingine ya kusema ule uchungu isipokuwa ya dhambi na madhabahu. Sasa ninyi mkamwuliza "umefanya nini?" naye atawatafutia jibu, na anaweza hata kukubali kisichokuwepo. Tafadhali ile sentensi isiingie kwenye PV (ripoti ya mkutano) ya kamati kama ushahidi. Akipona atasema mwenyewe anachotaka kusema.

Kuhusu banauti na depresio. Shirika la Afya Duniani, OMS, mwaka 2019 liliielezea banauti kama hali inayotokana na kazi, haikuiweka kama ugonjwa, na ina mambo matatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi mpaka watu unaowahudumia wanakuchosha kuwaona tu, na kuhisi kwamba kazi yako haizai kitu. Ukimtoa mtu kwenye kazi akapumzika kweli, mara nyingi utaona anaanza tena kucheka na watoto, anakula, anauliza habari za watu. Depresio yenyewe inamfuata mpaka kitandani, inachukua sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki mbili ao zaidi, na kile alichokuwa anakipenda hakimfurahishi tena. Wewe umeniambia hata mjukuu hamwangalii, na ni miezi minne. Sijamwona kwa macho, lakini kwa hayo naelekea kwenye depresio iliyokaa juu ya uchovu wa muda mrefu, na inabidi aonwe na mtu wa kazi hii, mfano kule SOSAME, kituo cha afya ya akili hapa hapa Bukavu, tena daktari apime damu, sukari, presha na tezi ya shingo, juu mwili nao unaweza kuleta uchovu na huzuni ya namna hii.

Lakini kabla ya miadi yoyote kuna swali la kuuliza leo, si kesho. Mmoja wenu anayempenda akae naye pekee, mlango umefungwa, telefone imezimwa, amwulize wazi: "Pasta, kuna wakati unaona heri usingekuwepo? Umeshawaza kujiua? Umeshawaza utafanya vipi?" Kumwuliza hakumpandishii wazo kichwani, watu wengi wanaogopa hivo lakini sivyo ilivyo, mara nyingi mtu anapumua kwa mara ya kwanza. Akisema ndiyo, asiachwe pekee hata usiku, dawa zote zitoke chumbani zishikwe na mama pasta, na apelekwe siku ile ile.

Hizo Valium asiziache ghafla kama amezitumia wiki nyingi, hilo ni hatari, inaweza hata kuleta degedege, daktari njo atapunguza polepole. Asichanganye na pombe. Dawa za depresio zenyewe zinachukua wiki kadhaa kabla ya kuanza kusaidia vizuri, basi msiseme baada ya siku tano kwamba zimeshindwa.

Na kufunga kavu, hapana kabisa. Mtu asiyelala, amekonda, anatumia dawa, mnamnyima maji siku tatu? Ombeni ninyi, fungeni ninyi, yeye ale. Somo mnalijua, 1 Wafalme 19: Eliya aliomba kufa, na malaika hakuanza na maswali, alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha mara ya pili. Mazungumzo yalikuja baadaye, kule Horebu.

Sasa zile dola 300. Ugonjwa haufuti deni, na deni halithibitishi uzinzi, ni faili mbili tofauti. Kasha la pesa lipite kwa mhazini na shahidi mmoja kuanzia sasa, bila kumshtaki mtu. Pasta ataulizwa risiti akiwa amepata usingizi na kichwa kimetulia, inawezekana ni pesa ya sanduku la maiti aliyomsaidia mjane akasahau kuandika, inawezekana siyo. Jambo moja tu halingoji kupona kwake: kama kuna mwanamke ao mtoto anayesema ametendewa vibaya, huyo asikilizwe mara moja, alindwe, apelekwe hospitali na kwenye sheria.

Tena mumwangalie na kazi yenyewe. Tangu mji ulipochukuliwa na waasi wa M23 Februari 2025 na benki zikafungwa, wachungaji wa hapa wanazika, wanapokea deplase, wanasikiliza mama waliobakwa, wanapatanisha ndoa, alafu jioni wanahubiri tumaini, na matoleo yamepungua. Nani anamsikiliza yeye? Si mwangalizi wake, juu yule anayeweza kukuhamisha posti hautamwambia kwamba umevunjika. Mtafutieni mtu wa nje. Na likizo iandikwe kwenye karatasi: tarehe, mshahara unaendelea, nyumba inabaki yake, telefone ya huduma inashikwa na msaidizi. Likizo ya mdomo tu, asubuhi ya pili watu wako mlangoni.

Kwa washirika, Jumapili semeni haya tu, na asome mtu mmoja: "Pasta wetu anaumwa, yuko kwenye matibabu, kamati imempa mapumziko, mzee fulani atashika huduma. Tunaomba asitembelewe bila kupitia mama pasta." Akiwaulizeni mtu ugonjwa gani, mjibuni ni siri ya mgonjwa na daktari wake. Lakini hayo maneno mumsomee pasta mwenyewe kwanza, Jumamosi, na neno asilolitaka mlitoe.