Chupa ya kupulizia, paka na maji ya betri

Tangu nilipotaja hapa kwamba makopo ya manukato ya kupulizia sebuleni nimeacha kununua, natengeneza mwenyewe kwa mafuta ya kunukia, maswali hayajakatika. Nimechukua sita.

Nilitia matone ya mchaichai kwenye maji, nikatikisa, nikapuliza. Mwanzo yalinukia kidogo, kisha ikawa maji matupu, na chupa ilipokaribia kwisha pazia likapata doa la mafuta. Kosa liko wapi? (Mama wa watoto wawili, Kisauni, Mombasa)

Pole dada, pazia langu lina doa hilo hilo mpaka leo. Mafuta na maji hayapatani. Ukitikisa yanachanganyika kwa muda mfupi, kisha mafuta yanapanda juu na mrija unavuta maji ya chini. Mafuta yote yanakungoja mwisho wa chupa.

Kinachoyapatanisha ni spiriti kali. Kwa chupa ya mililita 100, mimi naanza na mafuta, matone 30 hadi 40 (matone 20 ni kama mililita moja). Namimina spiriti ya asilimia 90 na zaidi, mililita 70 hivi, natikisa na kuacha usiku kucha. Maji huja mwisho. Yakigeuka meupe kama maji ya mchele usishtuke, tikisa kila unapotaka kupuliza. Spiriti ya duka la dawa mara nyingi ni asilimia 70, yaani maji yake imekuja nayo, basi usiizidishie. Na ukiona imeandikwa methanoli, iache dukani. Mvuke wake ni sumu.

Maji ya bomba yanafaa?

Ya kisima chetu yana chumvi, na chumvi huziba tundu la kupulizia. Tafuta yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukarudi kuwa maji, yale ya kuongezea betri ya gari. Ila fungua macho: niliwahi kuyaomba kwenye kituo kimoja cha petroli, kijana akanipa chupa ya asidi ya betri. Chupa zinafanana kama pacha. Nilisoma kibandiko nikamrudishia.

Shikamoo bibi. Kwetu spiriti haiingii nyumbani, kwa ajili ya dini. Ndiyo basi tena? (Binti wa Kibokoni)

Marahaba mwanangu. Hukumu yake waulize masheikh, mimi nakujibu la chupa tu. Mbona marashi unayo? Marashi ni maji ya waridi yaliyokenekwa, harufu imo ndani ya maji yenyewe, hayahitaji cha kuyapatanisha. Yatie kwenye chupa ya kupulizia kama yalivyo. Nyanya yangu alikuwa na mrashi wa fedha, shingo ndefu, akiwarashia wageni wa harusi mmoja mmoja mlangoni, na mzee mmoja kila mara akijifanya kukimbia. Hiyo chupa yako ni mrashi wa plastiki. Ukishafungua marashi, yaweke kwenye friji na uyamalize ndani ya wiki mbili. Yakichachuka, au ukiona nyuzinyuzi zinaelea, mwaga.

Naweza kuloweka asumini nikapata mafuta yake?

Ukiiloweka kwenye maji, kesho utakuta uvundo. Hata viwandani hawaichemshi kwa mvuke, joto linaiharibu. Huivuta kwa viyeyusho, na maua mengi mno hutoa mafuta kidogo. Ndiyo maana halisi ni ghali, na kichupa cha bei rahisi kilichoandikwa asumini kimetoka maabara. Asumini yako itandaze kitandani jioni kama kawaida. Ukitaka mafuta ya bei nafuu yasiyokudanganya, chukua ya karafuu. Pemba wanayakeneka hata kwa makonyo, vile vijiti vinavyobeba karafuu. Tumia chupa ya kioo, maana karafuu hula plastiki.

Nina paka watatu na mtoto wa miezi minane. (Mji wa Kale)

Hapa ningekwambia acha kabisa. Ini la paka halina uwezo wa kuvunja vitu vingi vilivyomo kwenye mafuta haya. Karafuu, machungwa na mti-chai (kwa Kiingereza tea tree) ndiyo mabaya zaidi. Matone yanatua kwenye manyoya, naye kazi yake kujilamba. Ukimwona anatoa udenda au anayumba, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Mtoto naye, mkalitusi na peremende visipulizwe chumbani mwake, vinaweza kumbana pumzi. Mwenye pumu pia mwepushie. Kinachonitisha zaidi ni kile kichupa chenyewe. Mafuta ya karafuu yakimezwa na mtoto, hata kijiko kimoja, yanaweza kuharibu ini. Ikitokea, usimtapishe, kimbia naye hospitali na kichupa mkononi. Ukitaka harufu, chemsha iliki na mdalasini jikoni, ufungue dirisha.

Kabati langu linanuka uvundo kila masika. Nipulize nini?

Usipulize kitu. Hiyo ni koga, na ukiipulizia karafuu utapata koga yenye harufu ya karafuu. Toa nguo zote, pangusa mbao kwa siki, anika nguo jua likitoka, na kabati uliache wazi mchana kutwa.

Nilisema sita, lakini huyu wa Tudor siwezi kumwacha: anauliza kama anaweza kupuliza wakati chetezo kina makaa, ili harufu zichanganyike. Hapana baba! Spiriti hushika moto. Na udi ukishafukizwa, hiyo chupa ya nini tena?