Joto, moto na kuota: je, asili ni moja?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kwenye kundi letu la WhatsApp la walimu wa Kiswahili tumetumiwa ujumbe unaodai kuwa "joto" ni neno la Kiarabu kama "hari", na kwamba "kuota moto" ndiko kulikozaa "kuota ndoto", kwa kuwa wazee walisinzia wakiota moto. Ni kweli? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Si kweli, yote mawili. Hari na harara ndiyo yaliyotoka Kiarabu. Joto ni la Kibantu, shina na kiambishi. Ji- ya ngeli ya JI-MA imekutana na shina -oto, kama ilivyo katika jino na jiko. Shina hilohilo ukilipa kiambishi cha M-MI unapata moto, wingi mioto, na hapo -oto inaonekana waziwazi. Kitenzi chake ndicho hicho ota. Waganda wanasema okwota omuliro, Wazulu wana -otha, na kwa Kilingala moto ni moto vilevile. Lugha hizo hazikulipata shina hili kwa Mwarabu.

Kimaana, moto ni kile kinachowaka, joto ni hali yake. Ndiyo maana mtoto mwenye homa "ana joto". Hari, hasa pwani, ni jasho pia.

Kinachonikera ni hilo la ndoto, maana siku hizi nalikuta hadi kwenye insha za wanafunzi. Kitenzi cha kuota ndoto kilianza na sauti ya l, Kiswahili kikaidondosha. Ikabaki kwenye nomino kwa sura ya d, ikilindwa na n: ndoto, kama ulimi unavyokuwa ndimi. Waganda hawakuidondosha: kuota ndoto ni okuloota, kuota moto ni okwota. Ni vitenzi viwili tofauti kabisa vilivyokuja kufanana sura.

Kanuni za mabadiliko ya sauti za Kibantu mwanaisimu Mjerumani Carl Meinhof alizichapisha mwaka 1899, lakini watu bado wanabuni asili za maneno kwa kusikiliza mlio tu, kisha wanatunga kisa cha wazee ili kipendeze. Kwa mtindo huo, meza ya kulia chakula ingetokana na kumeza, ilhali imetoka Kireno, mesa. Ukiletewa ujumbe mwingine wa namna hii, mwulize aliyeutuma ngeli ya neno, wingi wake, na linavyotamkwa katika lugha jirani. Akikosa jibu, usiupeleke darasani.